Simba Anaitwa

Jioni, moshi wa majiko unapolala juu ya migomba ya Masha na taksi zitokazo Mbarara kwenda Isingiro zinapoanza kuwasha taa, mzee mmoja jirani yetu husimama penye kona ya boma lake akamwita mbwa. Humwita kwa Kinyankore, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe wa pembe ndefu na kuitikiwa: "Ija! Simba, ija!" Mbwa yupo palepale chini ya mparachichi, rangi yake rangi ya udongo wa barabarani, sikio moja limelala. Anamtazama bwana wake. Mkia unagonga ardhi mara mbili kwa heshima, kisha unatulia. Haji. Ndipo kijana wa kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambaye huja kukata majani ya ng'ombe kwa ujira wa siku, anapoinua kichwa na kutamka maneno ambayo mzee hayapati hata moja: "Waryaa, Simba, kuya huku, sha!" Mbwa ameshasimama. Ameshafika. Ameshajilaza miguuni pa kijana, tumbo juu.

Mzee hakasiriki. Anashangaa tu, na mshangao wake una adabu ya watu wa huku. Kwa kuwa ananijua kuwa ni mtu wa ng'ambo ya mto Kagera, na kwamba nimepata kukifundisha hicho Kiswahili, huniuliza: "Mwalimu, mbwa huyu ni kabila gani?" Mimi hucheka, naye hucheka, lakini swali hunifuata mpaka kitandani. Maana ule mwito wa kijana ukiuchambua unakuta nchi nne ndani ya pumzi moja. Waryaa ni la Wasomali, mwanamume akimshtua mwanamume mwenzake. Kuya ni njoo ya Kivu, ya Bukavu na Uvira. Sha ni kile kijineno cha Wanyarwanda na Warundi kiwekwacho mwisho wa usemi kama mkono begani. Na huku ni letu sote. Kijana mwenyewe hajui kwamba amefanya lolote la ajabu. Amemwita mbwa.

Mbwa huyo alizaliwa Nakivale, akaletwa Masha juu ya bodaboda, ndani ya kikapu, angali ananuka maziwa. Anayetaka kuyaelewa masikio yake hana budi kupaelewa alipozaliwa. Nakivale ilitangazwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, miaka miwili kabla ya Uganda kupata uhuru, ili kuwahifadhi Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya 1959. Kwa hiyo ukimbizi wa huku ni mkubwa kiumri kuliko taifa linaloupokea. Tangu hapo mlango haujafungwa. Wameingia Wakongo kwa makundi, kila vita na kundi lake. Wameingia Warundi, Wanyarwanda wengine, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, hata watu wa Sudan Kusini. Leo wapo zaidi ya 150,000, wametawanyika Base Camp, Juru na Rubondo, katika vijiji ambavyo vingine vina majina ya kwao walikotoka, mfano New Congo. Uzio hakuna. Familia hupewa kipande cha ardhi ijenge na ilime, na penye mahindi na mbuzi hapakosi mbwa, na penye mbwa hapakosi watoto. Watoto hao hukutana penye bomba la maji na kwenye kiwanja cha mpira, kila mmoja ametoka nyumbani na lugha ya mama yake mdomoni: Kishi, Kifulero, Kibembe, Kinyamulenge, Kirundi, Kisomali, Kiamhara. Mpira hausubiri mkalimani. Anayetaka pasi hulitumia neno litakalomfikia mwenye mpira kabla beki hajafika, na neno likishafunga bao halirudishwi tena kwao. Linakuwa mali ya timu. Mbwa amelala kando ya goli, anasikiliza yote.

Hata jina lenyewe halikuanzia Masha. Mzee alimpokea mbwa akiwa ameshapewa jina, akaliacha, kwa sababu tangu pwani mpaka maziwa makuu Simba ni jina la mbwa lisilohitaji maelezo. Ila ukiliita jioni pale Base Camp kwa sauti kubwa, vichwa vinavyogeuka haviwazi kitu kimoja. Mtoto wa shule anaiwaza filamu ya katuni ya Wamarekani ya 1994, ya mwanasimba aliyefukuzwa kwao akalelewa na ngiri na nguchiro, ambaye kwa kweli naye ni mkimbizi, ingawa mtengeneza filamu hakumpa kadi ya chakula. Mfanyabiashara Mtanzania aliyevuka Murongo na viatu vya mitumba anaiwaza klabu ya Msimbazi, na akiwa mtu wa Yanga atatema mate pembeni. Mzee wa Mbarara anaiwaza kambi ya jeshi ya Simba, ambako mwaka 1971, katika miezi ya mwanzo ya Idi Amin, Wamarekani wawili walioingia kuulizia mauaji ya wanajeshi hawakutoka wakiwa hai. Na bibi wa Kibembe aliyekulia milima ya Fizi ananyamaza kidogo, kwa kuwa kwake Simba ni wale vijana wa 1964 walioiteka Uvira na Kisangani wakiamini kwamba dawa waliyopakwa itageuza risasi kuwa maji. (Mwaka uliofuata Che Guevara alikuja kwenye milima hiyohiyo kuwasaidia, akajipa jina la vita la Kiswahili: Tatu. Wenzake wawili walikuwa Moja na Mbili. Mwanamapinduzi aliyejulikana dunia nzima alijificha ndani ya tarakimu ambayo mtoto wa chekechea wa Kigoma anaitaja akiruka kamba.) Hayo yote yamo ndani ya silabi mbili. Mbwa hayajui. Yeye akisikia Simba, anajua tu kwamba kuna mtu anamtaka.

Kiswahili kilifika huku Ankole kwa miguu iliyovaa buti. Jeshi la kikoloni la King's African Rifles, lililoundwa 1902, lilikifanya kuwa lugha ya gwaride na ya amri, polisi wakakichukua, jeshi la Uganda huru likakirithi pamoja na bunduki. Mwaka 1973 Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri yake, jambo ambalo lingeweza kuwa heri laiti lisingetoka kinywani mwake. Kwa hiyo kizazi kizima cha huku kilijifunza Kiswahili katika hali moja tu ya kitenzi, hali ya kuamrisha: simama, kaa chini, lala, toka, leta, kamata. Hakuna aliyewaonyesha kwamba vitenzi hivyo vina hali nyingine, kwamba lugha hii ina bembelezi zake, ina "karibu" na "pole" na "tafadhali" na "mpenzi". Hata leo, mzee wangu wa Masha akimwita mbwa ale, humwita kwa Kinyankore. Akisikia nyayo usiku nje ya ua, anahama lugha. "Kamata! Simba, kamata!" Sauti yake yenyewe hubadilika; hausikiki tena ule ukulima, unasikika mlango unaopigwa teke.

Na Simba anafanya nini? Anaangaza huku na huku, mkia juu, anatafuta anachopewa. Maana kwa Kiswahili cha Kivu, alichonyonya pamoja na maziwa, kamata ni neno la mama anayegawa chakula. Kamata mkate. Kamata hii, mtoto wangu. Ni chukua, ni pokea, ni shika usije ukaangusha. Mzee anamwamrisha mnyama avamie, na mnyama anasikia kwamba ameandaliwa mfupa. Kijana alipotueleza jambo hilo, mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kitu kwa Kinyankore ambacho sitakitafsiri, kwa kuwa kilikuwa chake.

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo moja lililogeuka silaha upande huu na sahani upande ule. Mkongo wa mashariki ana hadithi ileile ya mzee, ila majina yamebadilishana nafasi. Kwake yeye lugha ya buti ni Kilingala, lugha ya jeshi tangu enzi za Wabelgiji na zaidi enzi za Mobutu; ndiyo aliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani, ikimwambia ateremke na atoe alichonacho. Kiswahili ndicho alichokimbilia ndani ya nyumba. Ndicho cha sokoni, cha kanisani, cha kuomboleza na kuchumbia. Basi fikiria siku ambayo watu hawa wawili walikutana barabarani Masha kwa mara ya kwanza, mmoja ametoka kuvuka mpaka na mtoto mgongoni, akafungua kinywa na kusalimu kwa lugha anayoiona kuwa ya upole kuliko zote alizonazo, na mwenyeji akarudi nyuma hatua moja bila kujua kwa nini mwili wake umerudi nyuma. Hakuna aliyekosea. Masikio yana kumbukumbu zake, na hayamwombi mwenye kichwa ruhusa.

Kuna Kiswahili cha tatu kilichopita barabara hii, nacho ni cha kwetu. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliichukua Mbarara. Askari wetu waliwaita watu "ndugu", neno la siasa ya wakati ule ambalo lilikuwa limeshaingia damuni, na wenyeji waliosikia Kiswahili kikiwaita ndugu huku kimebeba bunduki hawakujua walishike wapi. Askari haohao wakaibomoa sehemu kubwa ya mji kulipiza yale ambayo Amin alikuwa ametufanyia Kagera. Mtu wa ng'ambo ya mto anayekuja Mbarara kujivunia Kiswahili chake safi ni vizuri akumbuke kwamba usafi huo uliwahi kupita hapa ukiwa na baruti.

Sasa turudi kwa vijana, ambao ndio wanaowatatiza wenye mbwa. Wakubwa wa Nakivale na wa Masha, wasiopatana kwa mengi, hupatana kwa hili: watoto wameharibu lugha. Mama Mkongo hulalamika kwamba mwanawe anaongea "kama Msomali". Mzee wa Kirundi husikitika kwamba wajukuu hawana tena Kirundi cha kumwomba mtu msamaha. Mwalimu wa Kiingereza hulalamika kwa Kiingereza. Na simu imeongeza kuni: kijana wa Kashojwa, kijiji cha Nakivale, anapata Sheng ya Nairobi, Luyaaye ya Kampala na lugha ya mitaa ya Dar es Salaam kwa kifurushi kimoja cha intaneti, bila kuvuka mpaka wowote. Nimeshuhudia kwenye soko la Mbarara Mtanzania akimwita kijana muuza mifuko, "Dogo, njoo!" Kwetu dogo ni mdogo wetu, ni neno la kaka mwenye mapenzi na dharau kidogo. Kijana aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea alisikia mbwa wa Kiingereza aliyeongezwa irabu mkiani. Alijibu kwa maneno makali, na yule Mtanzania akabaki ameduwaa, amekunja noti ya shilingi mkononi.

Lakini hapohapo sokoni utawakuta vijana wengine wanaoitana mbwa kwa makusudi, na wanafurahi. Wamelipata neno hilo kwa waimbaji wa rap wa Marekani, ambako Snoop Dogg alilifanya jina la kazi na marehemu DMX alibweka waziwazi ndani ya nyimbo zake. Huko dogi ni rafiki wa damu, ndiye asiyekukimbia polisi wakija. Kijana wa Nakivale amelichukua, akalivalisha Kiswahili, akamwambia mwenzake "mbwa wangu" akimpiga bega. Babu Mnyarwanda aliyekaa kwenye benchi akasikia. Kwa Kinyarwanda na kwa Kirundi, imbwa akitupiwa mtu ni tusi zito. Ni kumwambia hana utu, hana haya, hana thamani. Kinyankore kinasema embwa, Kiswahili mbwa, Kilingala mbwa, na kwa hili tu lugha za Kibantu zinaonekana dada wa tumbo moja. Tofauti ni kairabu ka mbele. Ila kairabu hako ndiko kanakoamua kama mtu atakumbatiwa au atapigwa fimbo. Babu alinyanyuka akaondoka. Vijana hawakumwona.

Inanifurahisha kukumbuka kwamba Shaaban Robert, aliyefariki 1962, alipotunga shairi lake maarufu la kukisifu Kiswahili na kutafuta mfano wa utamu wa lugha ya mama, hakumchagua ng'ombe wala mbuzi, wanyama ambao mtu angewataja bila kuona haya. Alimtaja mbwa anyonyeshaye. Alikuwa Mwislamu wa Tanga, alijua vizuri wasomaji wake wanamwonaje mnyama huyo, na bado alimweka pale, katikati ya sifa. Tumelikariri shuleni vizazi na vizazi. Sidhani kama wengi wetu tulisimama kuuliza: kama titi la mama ni tamu hata mama akiwa mbwa, mbona tunawacheka watoto ambao mama yao ni uwanja wa mpira?

Siku hizi hata wanasayansi wamelifuata swali la mzee wa Masha, bila kumjua. Mtafiti mmoja wa Meksiko, Laura Cuaya, alihamia Budapest na mbwa wake Kun-kun, ambaye maisha yake yote alikuwa amesikia Kihispania tu. Akajiuliza kama mnyama ametambua kwamba watu wa Hungaria wanaongea kingine. Yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd wakawazoesha mbwa 18 kulala wametulia ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawasomea kisa cha Mwanamfalme Mdogo cha Saint-Exupéry kwa Kihispania na kwa Kihungaria. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba ubongo wa mbwa huitika tofauti kwa lugha iliyozoeleka na kwa ile ngeni. Na kilichonishika zaidi: mbwa wenye umri mkubwa ndio waliozitenganisha lugha vizuri zaidi. Kadiri mbwa alivyoishi na watu ndivyo alivyojua zaidi kwamba huyu si wa nyumbani. Nilipomsimulia mzee alitikisa kichwa. Alisema hilo halikuhitaji mashine, kuishi kwingi ni kuona mengi. Sijui kama alikuwa akimsema mbwa.

Uwezo huo wa kutambua nani si wa nyumbani, kwa mbwa ni kazi yake, ndiyo tunayomlishia. Kwa binadamu wa ukanda huu umekuwa balaa. Wapo watu Nakivale ambao maisha yao yalining'inia kwenye namna walivyotamka neno moja mbele ya mtu mwenye panga au bunduki. R au l, k au c, salamu iliyotoka na lafudhi ya kilima kisichotakiwa. Mtu aliyepita hapo hajifunzi tena lugha kwa starehe. Hujifunza ajifiche. Ndiyo maana wengine wa wazazi hawa hawataki watoto wazungumze lugha ya nyumbani hadharani, na wengine hawataki wazungumze nyingine yoyote. Na ndiyo maana wapo pia wasiotaka mbwa karibu. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wageni walioingia walistaajabia nchi isiyo na mlio wa mbwa. Askari wa RPF walikuwa wamewapiga risasi, kwa sababu mbwa walikuwa wamezoea kula maiti. Mama aliyeyaona hayo akimfukuza Simba kwa jiwe, nisingethubutu kumwambia mbwa hana kosa. Hana, ni kweli. Yeye naye hana.

Kwa jirani zetu Wasomali shida ni nyingine na ni nyepesi zaidi. Wao, sawa na Waswahili wa pwani, wanafuata madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa ni najisi: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Pwani tunasema ukimzoea mbwa utaingia naye msikitini, na tunaisema tukiwa na maana ya watu. Lakini Kurani yenyewe ina mbwa mmoja mwenye cheo cha ajabu, yule wa Watu wa Pangoni katika sura ya kumi na nane, na sijawahi kupita Base Camp bila kumkumbuka. Walikuwa vijana. Walikimbia kwao kwa ajili ya imani, wakaingia pangoni, na mbwa akawafuata, akajilaza mlangoni amenyoosha miguu ya mbele. Wakalala miaka mia tatu na tisa. Walipoamka walidhani wamelala siku moja au sehemu yake, wakamtuma mmoja wao mjini na fedha akanunue chakula. Wafasiri wanaeleza kwamba fedha yake ilimsaliti: ilikuwa na sura ya mfalme aliyekwisha kuoza. Mimi huwa nakiwazia kinywa chake. Miaka mia tatu ni mingi kwa lugha yoyote. Aliombaje mkate? Watoto wa sokoni walimcheka? Walimwita nani, huyo anayesema kama vitabu? Na juu kwenye pango, wenzake wakisubiri, ni mbwa peke yake ambaye hakuwa amepitwa na wakati. Mlio wake ulikuwa uleule. Angeteremka yeye mjini, mbwa wa mjini wangemwelewa.

Wakimbizi waliokaa muda mrefu ni watu wa pango hilo. Mtu aliyetoka Bukavu 1996 ana Kiswahili cha Bukavu cha 1996. Amekihifadhi, amekipangusa, anadhani ndicho. Ndugu yake akimpigia simu leo anamsikia akicheka upande wa pili: maneno yako, kaka, ni ya babu. Wakati huohuo mwanawe aliyezaliwa Nakivale anamwona anaongea kama redio. Yuko katikati, hana mji hata mmoja ambao fedha yake inapokelewa. Anapomlalamikia mtoto kwamba ameharibu lugha, nusu ya uchungu wake ni huo, na sidhani kwamba ni haki kumjibu kwa nadharia.

Ila kuna jibu la kumpa, na ni la kihistoria. Kiswahili tunachokiita sanifu kiliteuliwa. Mwaka 1928 Mombasa waliketi wakubwa wa kikoloni wakachagua Kiunguja kuwa msingi, na 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kimvita, chenye mashairi ya karne nyingi, kiliachwa nje ya meza, na Wamombasa hawajasahau. Maana yake kilichokuwa lahaja ya mtaa mmoja kilipata karani na mchapishaji, kikawa sahihi. Mimi nakifundisha na nakipenda. Bila hicho nisingeandika haya ukayasoma wewe uliye Muscat au Kisumu. Lakini ona vibao vilivyochorwa kwenye mageti tangu Nairobi mpaka Kampala: "Mbwa kali". Kalamu yangu nyekundu inawasha. Mbwa ni kiumbe hai, ni mkali, wakiwa wengi ni wakali. Mwizi anayevisoma usiku hangojei upatanisho wa ngeli.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima kwa vidato viwili vya mwanzo Uganda. Julai 2022, wiki ileile ambayo dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili ya tarehe 7, baraza la mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni kwa lazima. Tangu hapo kilio ni kimoja: walimu hawatoshi. Shule zinawatafuta, wengine zinawapata kutoka Kenya na Tanzania, na nyingi zinaacha kipindi kipite bila mtu. Wakati huohuo, mwendo wa nusu siku kutoka ofisi za wilaya, kuna maelfu ya vijana wanaoota kwa Kiswahili. Wakiingia darasani huambiwa kuya ni kosa, batu ni kosa, kambwa ni kosa. Hupewa alama za chini katika lugha ambayo mwenzao wa Kinyankore aliyekariri sarufi anaipatia alama za juu bila kuweza kununua nayo nyanya. Nimesahihisha karatasi za namna hiyo. Sheria ya mtihani naijua na naifuata. Ni sheria yenye upungufu.

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Basi walimu wakuu wa Isingiro na Mbarara, mnaotafuta mtu wa kuwazoesha watoto wa Kinyankore kusema Kiswahili kwa ulimi kabla ya kukiandika, msisubiri mwalimu wa kutoka Dar es Salaam. Nendeni Nakivale, mkawaajiri vijana wasaidizi wa darasa, mkawaache waseme jinsi wanavyosema, nasi wenye kalamu nyekundu tuje baadaye tuwaonyeshe watoto namna ya kuandika barua. Na wa kwanza kufikiriwa, kama anatafutwa, anakata majani ya ng'ombe Masha kwa ujira wa siku, na ana miaka kumi na tisa.